Usiwaite Wasimame Kama Funguo Zingali Mfukoni Mwako

Leo nakosoa kitu ambacho wengi wetu tunakipenda: yale mafundisho ya kuwatia moyo wanafunzi Wakristo wawe viongozi kampasini. Nitapitia Asia ya Kusini-Mashariki. Huko kuna vyuo vikuu vingi, dini nyingi, serikali zenye jicho kali, na tena kuna historia ya wanafunzi walioongoza kweli bila kungoja mgeni awaambie kwamba wanaweza. Njo maana mafundisho haya, yakipimwa huko, udhaifu wake unaonekana haraka.

Sura yake unaijua. Mnenaji anatoka mbali, anapanda jukwaani, anasema Asia ni bara la vijana na mashamba yanangoja wavunaji. Anataja alama tano au saba za kiongozi: maono, ujasiri, kusema vizuri mbele ya watu, kuchukua hatua wa kwanza, kupata wafuasi. Kisha anauliza: nani yuko tayari? Wanaosimama wanaombewa na kupigwa picha. Wasiosimama wanahesabiwa kuwa waoga au wachanga kiroho. Siku ya tatu mwanafunzi anarudi chuoni kwake, mnenaji anarudi uwanja wa ndege.

Juu ya nini jambo hili lituhusu siye wa Kongo? Juu siye tuliomaliza chuo ndio tunaoyapokea mafundisho haya, tunayatafsiri, tunayaweka kwenye simu na kuwarudishia wadogo zetu. Bidhaa ikiwa na kasoro, muuzaji wa pili naye ana la kujibu.

Nianze na hili: hakuna "mwanafunzi wa Asia ya Kusini-Mashariki". Eneo lile lina nchi 11. Ufilipino Wakatoliki ni karibu asilimia 79 ya watu wote. Thailand Wakristo ni karibu asilimia 1 tu, katikati ya Wabudha. Singapore, hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta Wakristo karibu asilimia 19. Indonesia, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja ni karibu asilimia 10, ndani ya nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Vietnam na Laos ziko chini ya chama kimoja cha kikomunisti, na kikundi cha dini lazima kijulikane na serikali. Sasa, mtu anayetumia hotuba moja kwa wote hao, na kijitabu kimoja, anazungumza na nani? Anazungumza na ramani. Mwanafunzi wa Chiang Mai ambaye ni Mkristo peke yake katika familia nzima hana shida moja na mwanafunzi wa Manila ambaye kila mtu nyumbani kwake amebatizwa.

Kutoka hapo naona makosa manne.

Kosa la kwanza: kudhani kwamba anayenyamaza hana uongozi ndani yake.

Wathai wana neno kreng jai. Ni ile hali ya kujizuia usimsumbue mwenzako, usimtie mtu mkubwa katika aibu, usijitangulize mahali ambapo hujaalikwa. Wafilipino wana hiya, na kumwita mtu walang hiya, asiye na haya, ni tusi zito. Wajava wanasema sungkan, Wamalay wanasema segan: heshima iliyochanganyika na woga kidogo mbele ya mkubwa. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Siye pia tumefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hajinadi mbele ya wazee.

Katika mazingira kama hayo, mtu mwenye busara hajiteui mwenyewe. Anangoja aombwe. Akiombwa mara ya kwanza anakataa, mara ya pili anasema kuna wengine wanaofaa zaidi, mara ya tatu njo anakubali, na akikubali anafanya kazi mpaka mwisho. Sasa mgeni anakuja na swali lake, "nani yuko tayari?", na kuhesabu mikono. Amechuja nini? Amewachuja wenye haya nje, amebaki na wasio na haya. Pengine katikati yao kuna mmoja mzuri. Lakini kipimo chenyewe hakikupima uongozi, kilipima ukavu wa macho.

Kosuke Koyama, Mjapani aliyekuwa mmisionari kaskazini mwa Thailand miaka ya 1960, aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1974 alitoa kitabu kinachoitwa Waterbuffalo Theology, ni kusema teolojia ya nyati wa mashamba ya mpunga. Njiani kwenda kuhubiri alikuwa akiwaona nyati wamesimama kwenye matope, na wale nyati walimkumbusha kwamba wasikilizaji wake ni wakulima. Basi akaacha kuanza na wanateolojia wakubwa wa Ulaya, akaanza na mchele, mvua, pilipili na wanyama ambao watu wale waliishi nao. Kitabu hicho hakihusu wanafunzi, lakini somo lake linaingia chuoni moja kwa moja. Anayetaka kumwinua kiongozi wa Kithai aanze na adabu ya Kithai, aijenge juu yake, badala ya kuitibu kama ugonjwa.

Indonesia wana mfano wa kufaa. Perkantas, huduma ya wanafunzi iliyoanzishwa Jakarta mwaka 1971, inategemea sana vikundi vidogo. Mwanafunzi aliyetangulia anaitwa kakak, na anayefuata anaitwa adik. Kakak ni nani? Siye tungesema yaya. Yaya hapandi jukwaani kuuliza nani yuko tayari. Anakuja chumbani kwako, anakula na wewe, anafungua Biblia pamoja na wewe na wengine wachache, na baada ya muda anakwambia: wiki ijayo utauliza maswali wewe, mimi nitakaa karibu. Hapo mwenye haya anakuwa kiongozi, na haya yake inabaki naye kama mali.

Kosa la pili: kusahau historia.

Ukiyasikia mafundisho haya utafikiri kwamba mwanafunzi wa Asia ni ardhi tupu inayongoja mbegu kutoka nje. Tuangalie tarehe.

Johannes Leimena alizaliwa Ambon mwaka 1905. Alisomea udaktari Batavia, mji tunaouita leo Jakarta, wakati Waholanzi wangali wanatawala. Pamoja na wenzake alijenga chama cha wanafunzi Wakristo cha Java, kilichosimama rasmi mwaka 1932. Nchi ilipopata uhuru, vyama viwili vya wanafunzi viliungana tarehe 9 Februari 1950 kuwa GMKI, Chama cha Wanafunzi Wakristo wa Indonesia, na waliungania nyumbani kwa Leimena. Huyo Leimena aliendelea kuwa waziri wa afya katika serikali kadhaa, na mpango wake wa Bandung wa mwaka 1951 ulitaka kinga na matibabu viende pamoja mpaka vijijini. Mwaka 2010 taifa lilimpa heshima ya shujaa. Ona mstari ulivyo: mwanafunzi, kikundi cha Biblia, hospitali, wizara. Hakuna aliyemwambia achague kati ya kuwa kiongozi wa Kikristo na kuwa daktari mzuri.

Singapore sasa. Miaka ya mwanzo ya 1950 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Malaya, ambacho wakati ule kilikuwa Singapore, walikuwa na ushirika wao wa Kikristo. Waliomaliza chuo wakaunda ushirika wao mwaka 1955. Mwaka 1959 njo likaja shirika lenyewe, FES. Soma mpangilio ule polepole: wanafunzi kwanza, wahitimu wa pili, shirika la tatu. Kwetu mara nyingi tunaanza na shirika, tunatafuta wahitimu wa kukaa kwenye meza kuu, halafu wanafunzi tunawaita waje kujaza viti.

IFES, muungano wa dunia wa vikundi hivi, ambao huku kwetu tunaujua kupitia GBU, ulianzishwa mwaka 1947 kwenye Chuo Kikuu cha Harvard na vyama vya nchi 10. Kutoka Asia ilikuwepo China peke yake. Miaka 25 baadaye, mwaka 1972, katibu mkuu wa muungano mzima alikuwa Chua Wee Hian, mtu wa Singapore. Ufilipino, huduma ya Inter-Varsity iliongozwa na Isabelo Magalit, aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Ufilipino. Nani basi anahitaji kuambiwa kwamba Waasia wanaweza kuongoza?

Mtu atanijibu: lakini wageni walisaidia. Ndiyo, walisaidia, na sitaki niwavunje watu heshima yao. Gwen Wong, mwenye asili ya Kichina kutoka Hawaii, alikuwa kati ya waliopanda mbegu za Inter-Varsity Ufilipino. David Adeney, Mwingereza, alitumikia IFES kwa upande wa Asia ya Mashariki, na mwaka 1968 akaanzisha Singapore kituo cha kuwafundisha wahitimu wa Asia ndani ya Asia yenyewe, wakiishi pamoja, badala ya kila mmoja kupelekwa Ulaya au Marekani na pengine asirudi. Steve Murrell, Mmarekani, alifika Manila mwaka 1984 na kikundi cha wanafunzi wa kwao, katika mtaa wa vyuo unaoitwa University Belt, kwa safari ya mwezi mmoja. Alibaki miaka mingi, na kanisa la Victory lililotokea pale likawa na wachungaji Wafilipino.

Unaona tofauti? Hao walikaa. Na waliokaa walilazimika kuachilia, kwa sababu ukikaa unazeeka, unachoka, unaona mwenyewe kwamba kijana anajua lugha na mtaa kuliko wewe. Mnenaji wa siku tatu hana cha kuachilia. Njo maana anaweza kutia moyo bure, bila gharama yoyote.

Kosa la tatu: lugha na tabaka. Hili ndilo linaloniuma zaidi, juu linafanana na la kwetu kama mapacha.

Malaysia, kwa hesabu ya mwaka 2020, Wakristo walikuwa karibu asilimia 9. Wengi wao ni wenyeji wa Sabah na Sarawak, upande wa kisiwa cha Borneo, na wengi wao wanaabudu kwa Kimalay. Lakini ukitazama miji mikubwa ya bara, sauti inayosikika zaidi katika mambo ya Wakristo wasomi ni ya Kiingereza, na mara nyingi ni ya watoto wa familia za Kichina na Kihindi za mjini. Sasa chukua alama za kiongozi zilizotajwa jukwaani: kusema vizuri, kujiamini, kusoma vitabu vya uongozi. Vitabu hivyo viko kwa lugha gani? Mwanafunzi aliyetoka kijiji cha Sarawak, ambaye babu yake ni mzee wa kanisa na mwenyewe anajua kuimba, kuomba na kupatanisha watu, anaonekana hana kipawa kwa sababu Kiingereza chake kinajikwaa.

Na Kimalay chake si jambo dogo. Miaka mingi ilipotea mahakamani Malaysia juu ya swali kama Wakristo wana ruhusa ya kuchapisha neno Allah wanapomtaja Mungu kwa Kimalay. Mahakama Kuu ilisema ndiyo mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikasema hapana mwaka 2013, na mwaka 2021 Mahakama Kuu, katika kesi ya mwanamke mmoja wa Sarawak, ilisema tena ndiyo. Nani ana uzito zaidi katika vita hiyo? Yule anayeomba kwa neno hilo tangu utoto. Mafunzo ya uongozi ambayo hayamwoni mtu huyo yamemwacha nje kiongozi aliye mbele ya macho.

Turudi kwetu kidogo tu. Anayesema Kifaransa kizuri anapewa mikrofoni. Anayesema Kiswahili, Kihema, Kinande ao Mashi anapewa viti abebe. Mwisho wa mwaka tunasema "hatuna viongozi". Tunao, wanabeba viti.

Kosa la nne: kuitisha ujasiri bila kutaja bei.

Neno "kuwa jasiri" ni rahisi likitamkwa na mwenye paspoti ya kuondokea. Malaysia ilipitisha mwaka 1971 sheria ya vyuo vikuu iliyowapa wakuu wa vyuo na serikali nguvu kubwa juu ya vyama vya wanafunzi, na mwaka 1975 ikaikaza zaidi. Tena katiba, kifungu cha 11, inaruhusu majimbo kuzuia watu wasieneze dini nyingine kwa Waislamu, na katiba hiyo hiyo inamwelezea Mmalay kuwa ni Mwislamu. Mwaka 1987, katika ukamataji mkubwa ulioitwa Operesheni Lalang, kulikuwa na Wakristo kati ya waliofungwa bila kesi. Mwanafunzi wa Kuala Lumpur anayekubali kuongoza kikundi anaingia ndani ya historia hiyo. Mwambie basi. Usimfiche.

Huo mwaka 1971 unatuhusu, wandugu. Ni mwaka ambao Mobutu alivichukua vyuo vikuu vitatu vya nchi, pamoja na Lovanium ya Wakatoliki na Chuo Kikuu Huria cha Kisangani kilichoanzishwa na Waprotestanti, akavifanya kimoja, UNAZA. Vijana wa chama, JMPR, wakawa ndani ya kila kampasi. Wazee wetu wa GBU waliopita kipindi kile wanajua kiongozi wa wanafunzi ni mtu wa namna gani: ni yule anayejua nani anamsikiliza mlangoni.

Indonesia, kanuni ya serikali ya mwaka 2006 inataka nyumba ya ibada iwe na majina ya waumini 90 na kibali cha majirani 60. Kwa hiyo Mkristo anayemaliza chuo na kurudi mtaani anahitaji kipawa ambacho hakimo katika alama saba za jukwaani: kujua kukaa na jirani Mwislamu, kunywa chai kwake, kumzika ndugu yake, kuaminiwa. Hicho ndicho uongozi pale. Myanmar, vyuo vilifungwa mara nyingi na kwa muda mrefu baada ya maandamano ya 1988, na baada ya jeshi kuipindua serikali tarehe 1 Februari 2021 wanafunzi na walimu wengi waliacha madarasa kwa kugoma. Katika jimbo la Chin, ambako Wakristo ni wengi, mji wa Thantlang uliteketezwa kwa moto mwaka huo huo. Mwanafunzi wa Goma ao Bukavu anayesoma hapa anajua bila kuelezwa maana ya mwaka wa masomo kukatika, na auditwari kugeuka mahali pa kulala wakimbizi. Mwite mtu kama huyo awe kiongozi, lakini usimwite kwa wimbo wa ushindi.

Na wakati mwingine bei inadaiwa na wakubwa wa kanisa lenyewe. Februari 1986, Wafilipino walipojaza barabara ya EDSA mjini Manila kumkataa Ferdinand Marcos, Kadinali Jaime Sin aliwaita watu kwa redio. Upande wa Waevanjeli, wengi walisitasita wakisema mamlaka yanatoka kwa Mungu. Melba Maggay, mwandishi na mtafiti aliyeanzisha na wenzake taasisi ya ISACC mwaka 1978, alikuwa kati ya waliowaongoza Waevanjeli kwenda kusimama barabarani pamoja na wengine. Kuongoza kwa siku zile kulikuwa kusimama mahali ambapo mchungaji wako hajasimama bado. Siye tuna tarehe yetu, 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa walipoandamana wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena na wakapigwa risasi. Kiongozi aliyefundishwa kutii tu, siku kama hiyo anaangalia wapi?

Niseme pia mazuri ya mafundisho haya, kwa sababu kukosoa bila haki ni masengenyo. Yanawakumbusha wanafunzi kwamba wao si kanisa la kesho, ni la leo. Yanawavusha mipaka ya kabila na dhehebu. Katika kongamano moja Mbatak na Mchina na Mjava wanakaa meza moja. Kuna msichana ambaye nyumbani hajawahi kuombwa maoni yake, na jukwaani pale anasikia mara ya kwanza kwamba ana kitu cha kutoa. Hilo silidharau. Neno la kutia moyo ni kama kiberiti: linafaa sana, lakini usimpe mtu kiberiti ukaondoka na kuni.

Kuni ni nini? Kwa kuangalia vikundi vilivyodumu huko, naona nne tu. Kwanza, kujifunza Biblia kwa maswali, ambako mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuongoza bila kuwa mhubiri. Pili, muda wenye kikomo: unaongoza, unamaliza, unampisha mwingine, kwa hiyo hakuna "Nabii wa kampasi" anayezeeka kwenye kiti akiwa bado anadaiwa mitihani ya miaka mitatu. Tatu, sanduku la pesa lililo mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Nne, wahitimu wanaolipa na kunyamaza.

Hii ya nne inatugusa. Wahitimu wa Singapore walipoungana mwaka 1955 walikuwa wachache, wanaanza kazi, kama siye leo. Lakini kutoka kwa wahitimu wa namna hiyo ndiko huduma za eneo lile zilipata watu wa kamati, wa kutoa mishahara ya watumishi, wa kufungua nyumba zao. Indonesia, kati ya waanzilishi wa Perkantas yumo Jonathan Parapak, aliyesoma Australia na baadaye kuongoza kampuni ya mawasiliano ya Indosat. Alikuwa mtu wa ofisi, na akabaki mtu wa ofisi. Wanafunzi walimhitaji hivyo hivyo.

Siye tunafanya nini? Mwanafunzi anatuandikia: "Mukubwa, tuko na kongamano, mutusaidie na ya sale." Tunajibu: "Tuko pamoja katika maombi." Siku ya kongamano tunafika saa tano tukiwa na suti, tunaomba nafasi ya kusema neno dogo, neno dogo linachukua dakika 50, tunawaambia simameni muongoze, kisha tunauliza chakula kiko wapi. Mada tumechagua siye. Mnenaji tumechagua siye, na mara nyingi ni mmoja wetu. Funguo za sale ziko kwa katibu wetu. Pesa ziko kwa mweka hazina wetu. Halafu tunashangaa kwamba komite ya wanafunzi inangoja simu yetu kwa kila kitu.

Najua jibu litakalokuja: "Tukiwapa pesa watakula." Pengine mmoja atakula. Lakini kati yetu wakubwa hakuna aliyewahi kula? Tuwape kiasi kidogo, watoe hesabu mbele ya wenzao, si mbele yetu, mwezi unaofuata tuwaongezee. Mtu hajifunzi kubeba mzigo kwa kutazama mgongo wa mwingine. Na jibu la pili: "Hawajakomaa, wataleta mafundisho ya ajabu." Basi njo sababu ya kukaa nao wiki kwa wiki kama yaya. Kuwanyima uongozi hakujawahi kuzuia mafundisho ya ajabu. Kumeyapeleka tu kwenye vyumba ambavyo hatualikwi.

Kwa hiyo, kwa chama chetu, nina ombi moja ambalo linaweza kupigiwa kura. Kongamano la mwaka huu, komite ya wanafunzi ichague yenyewe mada, lugha na mnenaji. Siye tulipe sale na mchele. Tukifika, tukae nyuma. Na yule dada anayepanga viti tangu mwaka wa kwanza, aliye na haya, ambaye wenzake wakigombana wanamfuata yeye kwanza, mtu mmoja wetu aende akamwombe aongoze funzo la Biblia. Akikataa, arudi kumwomba tena. Akikataa mara ya pili, arudi.